Taa ya Maji Iliyowaka Tukienda kwa Wakwe Angurai

Kuna watu hapa Busia wakiniona nimeshika usukani huanza kucheka hata kabla sijawasha gari, na siwalaumu, maana walichosikia ni kweli, ila wamesikia nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo mbaya zaidi. Kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe, yote, mcheke mara moja tumalizane.

Mimi nauza mapazia na mashuka, mnanijua, na gari yangu ni kale kagari kadogo ka bluu nilikonunua kakiwa kametumika (kametumika sana, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine). Sasa ndugu yangu mdogo, Barasa, alikuwa amempata msichana wa Angurai anaitwa Amoit, msichana mpole, mwenye heshima, ambaye sisi wote tulikuwa tunaomba Mungu asije akabadilisha mawazo, na Jumamosi hiyo ndiyo tulikuwa tunaenda kwao mara ya kwanza kama familia. Barasa alitangulia alfajiri na wenzake. Wazee wawili ndio walibaki wa kubebwa: Baba Mdogo, ambaye alikuwa msemaji wetu, na Senge, yaani dada ya marehemu baba, mwanamke ambaye akikuangalia tu unakumbuka kila kitu ulichowahi kuvunja utotoni. Barasa alitaka kuwakodishia gari. Nikamwambia, "Ukodi gari na mimi niko? Kagari kangu hakajawahi kunisumbua hata siku moja."

Basi. Tulikuwa hatujafika hata Alupe wakati kataa kekundu kaliwaka mbele yangu, kamechorwa kama kipimajoto kimesimama ndani ya maji. Na mimi nilijua maana yake! Hapo ndipo aibu inapoanzia, maana mtu asiyejua ana kisingizio. Fundi alikuwa ameshaniambia hiyo taa ikiwaka maji ya kupoza injini yamepungua, simama, zima, ngoja ipoe, angalia. Maneno rahisi kabisa. Lakini nikawaza, nikisimama sasa hivi, Senge atasema si tulisema tukodi gari, na Baba Mdogo ataandika hiyo kwa moyo wake mpaka siku ya mazishi yangu. Nikaamua kunyamaza. Ni hilo tu. Kunyamaza kidogo mpaka nipate mahali pazuri pa kusimama.

Senge alikuwa amekaa mbele na mimi, na gauni lake jipya la gomesi, mabega yamesimama kama masikio ya sungura. Akaona.

"Hiyo taa nyekundu ni ya nini?"

"Ni ya redio, Senge. Inaonyesha redio imewaka."

Akanyoosha mkono, akazima redio. Taa ikabaki inawaka. Akaniangalia, akaangalia taa, akaniangalia tena.

"Redio imezima."

"Inachukua muda," nikasema.

Baba Mdogo, ambaye alikuwa nyuma na suti yake nzito ya sufi (ile aliyoolea, nadhani), akauliza kwa nini wimbo umekatwa katikati, na ikabidi tuwashe redio tena ili uongo wangu ukae sawa.

Mbele kidogo nikaona akina mama wanauza ndizi kando ya barabara, nikasimama, nikasema nataka ndizi za kubebea watoto wa huko tunakoenda. Nikafungua boneti haraka haraka huku nimewageuzia mgongo wazee. Nikaona kifuniko kimoja kimechorwa maji yakiruka juu kama chemchemi. Nikasema moyoni, asante Yesu, maji ni haya. Nikachukua chupa zote za maji ya kunywa tulizobeba nikayamimina humo mpaka yakamwagika, nikafunga, nikanunua ndizi, nikarudi kwa usukani najipongeza jinsi nilivyotatua jambo kimyakimya kama mwanamke mwenye akili.

Taa bado ilikuwa inawaka. Nikajiambia labda maji hayajashuka. (Kushuka kwenda wapi, sijui. Mtu akishaanza kujidanganya huwa hahitaji maelezo mengi.)

Tukaendelea mpaka karibu na Malaba, na hapo tukakuta ule msururu wa matrela unaosubiri kuvuka Uganda, umejaa barabara mpaka gari ndogo zinapita kwa kujipenyeza, unasogea kidogo, unasimama, unasogea kidogo, unasimama. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Mimi macho yangu yote yako kwa mshale. Ndipo nikakumbuka kuna mtu aliwahi kuniambia kwamba injini ikishikwa na joto unawasha hita mpaka mwisho, ile joto inatoka kwa injini inakuja ndani, injini inapumua. Na ni kweli inasaidia, siwadanganyi. Shida ni kwamba ilikuwa saa sita mchana, jua la Malaba mnalijua, vumbi la matrela limetufanya tufunge madirisha, na mimi nikafungulia hita yote.

Halafu nikasikia Baba Mdogo anahema.

"Ajiambo, hii ni nini inatoka hapa?"

"Ni eisi, Baba Mdogo. Nimewawashia eisi mpoe."

"Eisi inatoa moto?"

"Inaanza hivyo. Itapoa."

Senge alikuwa ameshika leso anajipangusa shingo, jasho linamtiririka, poda yote ya uso imeanza kuteremka kuelekea kidevuni, na macho yake hayatoki kwa ile taa. Mwishowe akasema polepole, kama mtu anayeomba dua, "Zima redio, mwanangu. Hiyo redio itatuua."

Na hapo boneti ikaanza kutoa moshi. Si moshi, ni mvuke, lakini nani ana wakati wa kuchagua maneno? Mtu mmoja akapiga kelele, "Gari inaungua!" Baba Mdogo akafungua mlango akatoka mbio, huyo mzee anayetembea na fimbo, alitoka mbio na fimbo akaiacha. Senge akashuka na kapu la zawadi kichwani. Mimi nikazima gari nikashuka, na ghafla Malaba yote ilikuwa pale: madereva wa matrela, watu wa bodaboda, wabadilishaji pesa, akina mama wa nyanya, kila mtu na dawa yake. Mmoja anasema vunja yai bichi ndani ya rejeta litaziba. Mwingine anasema hapana, sabuni ya kipande. Dereva mmoja wa Uganda akasema, "Ssebo, hiyo weka manjano," na mwenzake akamwambia huyo si ssebo, si bwana, ni nnyabo, ni bibi, na wakaanza kubishana juu ya mimi ni nani wakati gari inapika.

Baba Mdogo alikuwa ameshavuka barabara, ameketi kwa kibanda fulani anapepewa na gazeti, na sikumlaumu.

Sasa mtu mwenye akili angengoja. Lakini watu walikuwa wananiangalia, na mtu akiangaliwa na watu wengi anajiona lazima afanye kitu. Nikachukua kitambaa, nikashika kifuniko cha rejeta, nikakizungusha kidogo. Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu, kali kama kiboko: "Wewe! Acha hiyo!"

Kifuniko kikafanya *shhhhhh*, maji ya kahawia yakaanza kububujika pembeni, na mimi nikaruka nyuma kwa nguvu zangu zote, bila kuangalia, nikaketi. Niliketi vizuri kabisa. Niliketi ndani ya beseni la nyanya zilizoiva, za mama fulani aliyekuwa amekuja kutazama na mali yake, na sketi yangu ilikuwa nyeupe, niliishona mwenyewe wiki hiyo hiyo kwa ajili ya wakwe.

Hicho kicheko, ndugu zangu. Nadhani walikisikia mpaka Amagoro.

Aliyenitoa ndani ya beseni ni yule mwanamke wa kiboko. Alikuwa mama mnene, amevaa gambuti na koti kubwa la bluu, kilemba kimefungwa vibaya, na watu wote wanamwita Mama Vitunguu kwa sababu analeta vitunguu kwa pikapu yake mwenyewe, anaendesha mwenyewe, na pikapu ilikuwa imekwama nyuma yangu kwenye huo msururu. Aliniangalia mikono, akaniangalia uso, akaona sijaungua.

"Una bahati," akasema. "Hayo maji yangekupata usoni leo ungekuwa hospitali. Uliweka maji lini?"

"Nimeweka sasa hivi, mama, hapo nyuma. Imejaa mpaka juu."

"Uliweka wapi?"

Nikamwonyesha. Akainama, akaangalia kile kifuniko cha chemchemi, akafunga macho kidogo kama mtu anayezuia chafya.

"Hebu ingia ndani, vuta waipa."

Nikaingia, nikavuta. Maji yangu ya kunywa, yote, yakaruka juu ya kioo kama mvua ya baraka, yakapita kioo, yakamwogesha dereva wa Uganda aliyekuwa amesimama pale na yule mwenzake. Nilikuwa nimejaza tangi la kuoshea kioo.

Baada ya hapo sikuwa na heshima yoyote iliyobaki ya kulinda, na niwaambie ukweli, nilisikia nafuu kidogo. Senge alinifunga leso kiunoni kuficha nyanya, hakunigombeza hata kidogo (hiyo ndiyo ilinitisha zaidi), akaenda kukaa chini ya kivuli cha trela. Mama Vitunguu akasema hakuna kitu kinafanywa mpaka injini ipoe yenyewe, wala maji baridi haimwagiwi, itapasuka. Pikapu yake akaisogeza kando, akanipa kreti tukae.

Na hapo, jamani, ndipo mdomo wangu ulifunguka.

Akaniuliza tunaenda wapi. Nikamwambia Angurai, kwa wakwe, kaka yangu anataka kuoa. Akasema, "Aha." Nikamwambia tumechelewa na naogopa, maana mama ya msichana nasikia ni mkali, hana mchezo, kuna watu walifika kwake wamechelewa wakasingizia barabara akawarudisha hata hawajakunywa chai.

"Nani amekwambia hivyo?"

"Watu wanasema tu. Wanasema hata mzee wake anamwogopa."

Akatikisa kichwa polepole. "Na nyinyi leo mtasema nini?"

"Hiyo nimeshapanga," nikasema, na mnielewe, nilikuwa nimetulia, mtu amenionea huruma, nikajisikia niko na rafiki. "Tutasema trela ilianguka pale Amagoro ikafunga barabara."

"Ilianguka kweli?"

"Hapana. Lakini ni nani ataenda kuangalia?"

Alicheka. Alicheka mpaka akashika goti. Nikacheka pia. Nikamwambia na ile ya redio, na ile ya eisi, akapangusa machozi na kona ya kilemba.

Injini ilipopoa akafungua kifuniko kwa uangalifu, akapapasa chini, akanionyesha paipu ya rejeta: klipu ilikuwa imelegea, na pale chini palikuwa na alama nyeupe ya maji yaliyokuwa yanatoroka siku nyingi. Akaikaza na bisibisi yake, akanionyesha tangi lenyewe lenye alama mbili, ya chini na ya juu, akajaza maji safi polepole, akaniambia niwashe. Taa ikazima! Niliiangalia hiyo nafasi nyeusi ambapo taa ilikuwa, nikasikia kama nimesamehewa deni.

"Hayo maji ni ya kukufikisha tu," akasema. "Ukitoka huko upitie kwa fundi, uweke kulanti ya kweli, ile ya kupoza injini, na hiyo klipu ibadilishwe. Mimi natangulia, nina kazi nyumbani." Akapanda pikapu yake, akachepuka kwa njia fulani ya nyuma anayoijua yeye, akapotea.

Njiani nikamfundisha Baba Mdogo habari ya trela. Alikataa kidogo, halafu akakumbuka alivyokimbia na kuacha fimbo, akaona heri trela.

Tulifika Angurai wenzetu wamekaa kwenye hema wameshamaliza kusalimiana na kila mtu, Barasa uso wake umekuwa wa majivu. Tukapokewa, "Yoga, yoga," mikono ikashikwa, tukaketishwa. Mimi na leso yangu kiunoni. Msemaji wao, mzee mmoja mwembamba, akauliza kwa adabu, "Wageni wetu, safari ilikuwaje?"

Baba Mdogo akasimama. Na wakati anasafisha koo, mlango wa nyumba kubwa ukafunguliwa, akina mama wakatoka kutusalimia, na yule wa mbele, kwa gomesi ya zambarau, mshipi unang'aa, kichwa kimefungwa vizuri, alikuwa Mama Vitunguu.

Nilitaka ardhi ifunguke, na haikufunguka. Amoit akaja akasimama karibu naye akamwita "Toto", yaani mama kwa Kiteso, ili hata lile tumaini dogo nililokuwa nalo kwamba labda ni jirani tu, life.

"Tunaomba radhi kwa kuchelewa," Baba Mdogo akaanza kwa ile sauti yake ya baraza. Yeye hakuwa amemwona mama huyo, alikuwa kibandani muda wote. Nikakohoa. "Tulipofika pale Amagoro," akasema. Nikakohoa zaidi. Senge, ambaye alikuwa ameshamtambua, akamvuta koti. "Tukakuta trela kubwa," Baba Mdogo akasema, akavuta koti lake nyuma, "imelala barabarani hivi, magurudumu juu..."

"Magurudumu mangapi?" mama akauliza kwa upole.

Nikamwangalia Barasa, na ninawaambia, hiyo ndiyo sehemu ambayo siwezi kuicheka mpaka leo. Alikuwa ameangalia mikono yake. Hakujua ni nini kimetokea lakini alijua kimeharibika, na amempenda huyo msichana kweli, na mimi dada yake mkubwa ndiye niliyekuwa napika hiyo sumu tangu asubuhi, kijiko kwa kijiko, kwa sababu sikutaka kuonekana nimesimama kando ya barabara.

Nikasimama. Leso ikalegea, nikaishika.

"Hakuna trela," nikasema. "Baba Mdogo amesema nilichomfundisha mimi. Taa ya maji iliwaka tukiwa hatujafika hata Alupe, nikanyamaza, nikadanganya ni redio, nikajaza maji ya kunywa kwa tangi la waipa, nikawachoma wazee wangu na hita nikawaambia ni eisi. Mama anajua. Ni yeye ametusaidia. Na mambo mabaya niliyosema juu yake niliyasema bila kumjua. Nawaomba msiyahesabu kwa kaka yangu. Yeye angewakodishia gari."

Halafu Baba Mdogo, akiwa bado amesimama, akageuka polepole akaniuliza mbele ya koo mbili, "Kwa hivyo ile haikuwa eisi?"

Aliyeanza kucheka ni mzee wa nyumba, yule ambaye inasemekana anamwogopa mke wake. Alicheka hadi kofia ikaanguka. Halafu hema lote. Senge, Senge wetu, alicheka akilia, akawa anarudia, "Redio! Nilisema hiyo redio itatuua!" na akina mama wa Kiteso wakamtaka aanze hadithi mwanzo, na akaanza, na kumbe Senge anajua kuiga sauti yangu vizuri sana.

Mama Amoit alingoja wakatulia. Akasema, "Mimi nilirudi mbio nikabadilisha nguo nikaketi hapo ndani kungoja hiyo trela ianguke. Ilipoanguka nikasema moyoni, hawa nitawarudisha. Lakini huyu dada amesimama amejitoa mbele ya watu, na hakumtupia mwingine lawama. Binti yangu akikosea huko kwenu, nataka aishi na watu wanaoweza kusema, ni mimi." Akaniangalia sketi. "Na mpeni gomesi moja, jameni, ananuka nyanya."

Mazungumzo yalienda vizuri kuliko tulivyotarajia. Barasa na Amoit sasa wanaishi pamoja, wamepanda mihogo na wanatarajia mtoto, na Mama Amoit akipita Busia na vitunguu vyake lazima asimame kwangu anywe chai, na lazima afungue boneti yangu mwenyewe aangalie, hata nikimwambia nimeshaangalia.

Na huwa nimeshaangalia. Asubuhi, injini ikiwa baridi, naangalia zile alama mbili, napapasa klipu. Na taa yoyote ikiwaka, iwe ya maji, ya mafuta, hata ya mlango, nasema kwa sauti kubwa kwa kila mtu aliye ndani, "Jamani, taa imewaka," halafu nasimama papo hapo, hata kama ni mbele ya kanisa, hata kama nimebeba mchungaji. Aibu ya kusimama kando ya barabara huisha injini ikipoa. Ile nyingine bado inasimuliwa Angurai kila nikienda, wanakosea sehemu ya beseni, na mimi mwenyewe ndiye huwarekebisha.